Tandiko la Bodi ya Pikapu katika Ukanda wa Dhahabu wa Macalder

Suala la kuchagua tandiko la kukinga bodi ya pikapu, yaani ile sehemu ya wazi iliyo nyuma ya kabini ambamo mzigo hupakiwa, kwa kawaida huchukuliwa kuwa jambo la bei na mapendeleo ya mwenye gari tu. Katika eneo la Macalder, kaunti ya Migori, ambako gari lile lile laweza kubeba mawe ya dhahabu asubuhi, magunia ya omena mchana na mbuzi wa mnadani kesho yake, jambo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu linagusa umri wa gari, kipato cha mwenyewe na usalama wa chakula kinachopakiwa humo. Tandiko, ambalo madukani na katika karakana huitwa laina, ni tabaka lolote linalowekwa juu ya bati la bodi ili lipokee mikwaruzo, mapigo na majimaji kabla hayajafika kwenye rangi na chuma. Wauzaji wengi hulisifu kwa ugumu wake. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kipimo hicho hakitoshi, na kwamba katika mazingira ya Macalder swali la kwanza ni la maji: yanaingilia wapi, yanakaa muda gani, yamebeba nini ndani yake, na yanatokaje.

Macalder iko katika eneo la Nyatike, karibu na Mto Kuja, ambao hukusanya maji ya mito ya Gucha na Migori na kuyapeleka Ziwa Victoria. Mgodi wa shaba na dhahabu ulioupa mji huo jina uliendeshwa na kampuni hadi katikati ya miaka ya 1960, na baada ya kufungwa kwake kazi ikabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo, ambao Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua na kuwawekea utaratibu wa vibali. Mawe yatokayo mashimoni, Macalder kwenyewe na katika machimbo jirani ya Osiri, Mikei na Masara, hutiwa katika magunia na kupelekwa kwenye mashine za kusaga, na kazi hiyo hugawanywa kati ya pikipiki, malori na pikapu za aina ya Toyota Hilux au Isuzu D-Max, hii ya pili ikiwa inaunganishwa Nairobi. Upande wa ziwani, kutoka Karungu, Sori na Muhuru hadi Homa Bay na Mbita, mzigo hubadilika na kuwa omena waliokaushwa juani, mbuta na ngege waliofunikwa barafu, na jerikeni za petroli ya injini za mashua. Katikati ya pande hizo mbili kuna mchanga wa mito, saruji, makaa, mahindi, mihogo, mifugo na mabomba ya maji. Hakuna tandiko moja linaloweza kustahimili vitu vyote hivi kwa kiwango sawa, na ndiyo sababu orodha ya bei peke yake humpoteza mnunuzi.

Ili kuelewa kazi ya tandiko, ni lazima kwanza kueleza jinsi bodi inavyokufa. Bati la bodi ya pikapu ya kisasa lina unene unaokaribia milimita moja tu, na nguvu yake hutokana na migongo na mifereji iliyokunjwa ndani yake wala si na wingi wa chuma. Kiwandani bati hilo huoshwa kwa kemikali, huzamishwa katika birika la rangi ya msingi inayonatishwa kwa umeme ili ifike hata kwenye pembe zisizofikiwa na brashi, kisha hupakwa tabaka za rangi ya kawaida. Maadamu tabaka hizo ni nzima, kutu haina pa kuanzia, kwa kuwa kutu ni zao la chuma, oksijeni na maji kukutana. Jiwe moja lenye ncha likikwaruza rangi hadi chini, mahali hapo huwa mlango, na maji yakiwa na chumvi au asidi, uharibifu huenda kasi zaidi kwa sababu maji hayo hupitisha chembe za umeme kwa urahisi kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine.

Kuna aina ya kutu ambayo wenye magari wengi hawaitambui mpaka bati litoboke, nayo ni kutu ya mwanya. Maji yanaponaswa kati ya vitu viwili vilivyobanana, kwa mfano kati ya bati na kipande cha plastiki, oksijeni iliyo ndani ya mwanya huisha mapema wakati ile ya ukingoni huendelea kupatikana, na tofauti hiyo huifanya sehemu iliyokosa oksijeni kuwa ndiyo inayoyeyuka. Kwa hiyo chuma kilichofunikwa vibaya huoza haraka kuliko chuma kilichoachwa wazi juani, ambacho angalau hukauka baada ya kila mvua. Ukweli huu, ambao mhandisi wa meli au wa mabomba huujua vizuri, haujapata nafasi ya kutosha katika mazungumzo ya madukani kuhusu laina.

Macalder ina sababu ya ziada ya kuuzingatia. Miamba yake ni sehemu ya ukanda wa kale sana wa volkano, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na dhahabu na shaba yake zimo ndani ya madini ya salfaidi, yaani misombo ya metali na salfa, kama vile pairaiti, kalkopairaiti na asenopairaiti. Madini hayo yakisagwa au kuvunjwa na kukutana na hewa na maji, salfa yake hugeuka polepole kuwa asidi ya salfuriki, na maji yanayotiririka kutoka kwenye marundo ya namna hiyo huweza kufikia kipimo cha asidi cha chini ya 4, pale ambapo maji safi husimama karibu na 7. Shaba iliyoyeyuka ndani ya maji hayo huongeza balaa, kwa maana ikigusa chuma kilicho uchi hujibandika juu yake na chuma huyeyuka badala yake. Dereva anayebeba magunia ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ambao huuzwa ili uchenjuliwe tena, anabeba kitu kinachoweza kutengeneza asidi ndani ya bodi yake usiku kucha baada ya mvua. Mwenye pikapu wa Mombasa au Malindi hupambana na chumvi ya bahari, ambayo kila mtu huiogopa. Mwenzake wa Macalder anakaa kando ya ziwa la maji baridi, na kwa hiyo hujiona yuko salama, ilhali adui wake amefungwa ndani ya gunia.

Aina ya kwanza ya tandiko, na iliyo rahisi kuinunua, ni kombe la plastiki lililofinyangwa kwa umbo la bodi na kuingizwa humo kama lilivyo. Kwa kawaida hutengenezwa kwa polietilini nzito, plastiki ile ile ya jerikeni imara, na hufunika sakafu, kuta na mara nyingi mlango wa nyuma. Baadhi hupita juu ya kingo za bodi na baadhi huishia chini yake, tofauti ambayo si ya sura tu, kwa sababu lile linalopita juu huzikinga kingo dhidi ya kamba na mabomba, ingawa pia huficha vumbi linalokusanyika chini ya mkunjo wake. Sifa zake ni za kweli: halidhuriwi na asidi hafifu, halinyonyi mafuta ya samaki, hupokea mapigo ya mawe bila kupasuka kwa urahisi, na huoshwa kwa ndoo moja ya maji.

Udhaifu wake umo katika kutotulia kwake. Polietilini hutanuka kwa joto takriban mara kumi zaidi ya chuma, hivyo kipande cha mita mbili kikipanda joto kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana huongezeka urefu kwa takriban sentimita moja, wakati bati lililo chini yake huongezeka kwa milimita moja tu. Kila siku plastiki hujivuta na kurudi, na kila kilomita ya barabara ya vumbi huitikisa, na mchanga mwembamba ulioingia chini yake hufanya kazi ya msasa juu ya rangi. Baada ya muda rangi huisha mahali plastiki inapoegemea migongo ya bati, maji hunaswa katika mifereji, na kutu ya mwanya iliyoelezwa hapo juu huanza mahali asipoona mtu. Fundi akiongeza skrubu ili kuzuia mtikisiko, kila tundu alilotoboa ni chuma kilicho uchi. Kwa gari linalobeba vitu vikavu na safi, kasoro hizi huchukua miaka mingi kuonekana, lakini kwa gari la machimboni, ambalo vumbi lake lina salfaidi, kombe la plastiki lisiloondolewa na kuoshewa chini yake mara kwa mara ni chaguo baya, na haifai kulipendekeza kwa sababu tu ni jepesi kupatikana.

Kasoro nyingine mbili za plastiki zinastahili kutajwa kwa uzito. Ya kwanza ni utelezi: magunia ya nailoni juu ya polietilini iliyolowa husogea kwa urahisi, na mzigo unaosogea kwenye kona au mteremko huweza kulipindua gari au kuvunja mlango wa nyuma. Ya pili ni umeme tuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya juu ya kitu kisichopitisha umeme kwa kusuguana na kingine. Petroli inayomiminwa ndani ya jerikeni huleta chaji, na jerikeni ikiwa imekaa juu ya plastiki, au hata juu ya zulia, chaji hiyo haina njia ya kuteremka ardhini, hivyo cheche moja kati ya mdomo wa jerikeni na bomba la pampu hutosha kuwasha mvuke. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 1998 baada ya moto wa namna hiyo kutokea kwenye pikapu zenye laina za plastiki. Katika eneo ambalo pampu za kunyonya maji mashimoni na mashua za uvuvi hutegemea mafuta yanayobebwa kwa jerikeni, kanuni ni moja na haina msamaha: jerikeni ishushwe chini, ijazwe ikiwa ardhini, kisha ndipo ipakiwe.

Aina ya pili ni tandiko la kupuliza, ambalo lilienea Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye kusambaa duniani. Hapa hakuna kipande kinachoingizwa. Kimiminika hupulizwa juu ya bati na kugeuka kuwa ngozi ngumu inayonata moja kwa moja. Kimiminika hicho huundwa kwa vitu viwili vinavyokutana kwenye mdomo wa bomba: kimoja ni isosianati, na kingine ni ama alkoholi nzito, ambapo zao lake huitwa poliyurethani, ama amini, ambapo zao lake huitwa poliyurea. Poliyurea hukauka kwa sekunde chache, kwa hiyo huhitaji mashine inayopasha vitu hivyo joto na kuvisukuma kwa shinikizo kubwa, wakati poliyurethani ya kawaida hukauka polepole na hata huweza kupakwa kwa rola. Tabaka la kupuliza kwa mashine lina unene wa milimita 2 hadi 3, na lile la kupaka kwa mkono huwa na sehemu ndogo tu ya unene huo, tofauti ambayo mnunuzi hufichwa pale bidhaa zote mbili zinapouzwa kwa jina moja.

Likipakwa vizuri, tandiko hili hujibu swali la maji kuliko mengine yote, kwa kuwa haliachi mwanya. Hakuna mahali pa maji kujificha kati ya ngozi na bati, uso wake wa chengachenga hushika magunia yasiteleze, na asidi hafifu ya mchanga wa machimbo hailidhuru upesi. Hata hivyo ubora wote huo unategemea kazi ya saa chache kabla ya kupuliza. Bati lazima lioshwe mafuta, lisuguliwe kwa msasa hadi mng'ao wa rangi uondoke, kutu ikwanguliwe hadi chuma kisafi kionekane na kupakwa praima, na matundu ya kutolea maji yazibwe kwa muda ili yasifunikwe kabisa. Ngozi ikipakwa juu ya mafuta ya samaki au juu ya kutu iliyofichwa kwa rangi, itabanduka kwenye ukingo mmoja, na kuanzia hapo itakuwa mfuko wa maji ulio mbaya kuliko kombe la plastiki, maana hauwezi kuvuliwa na kuoshwa. Majira nayo yana neno: isosianati ikikutana na unyevu hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo huacha vipovu na vitundu ndani ya poliyurethani inayokauka polepole. Mwenye gari anayetaka kazi ya rola ifanywe karibu na ziwa afadhali achague siku kavu za Januari au Februari kuliko wiki za mvua za masika.

Fundi mwenyewe asisahauliwe katika hesabu hii. Mvuke na ukungu wa isosianati husababisha pumu, na mtu aliyekwisha kuathirika huweza kushikwa na shambulio hata kwa kiasi kidogo sana baadaye. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Kinachohitajika ni barakoa yenye hewa safi inayoletwa kwa bomba kwa kazi ya mashine, na angalau barakoa yenye kichujio cha mvuke, miwani, glavu na mahali pa wazi kwa kazi ya rola. Bei ya chini ya karakana isiyo na vifaa hivi hulipwa na mapafu ya kijana anayeshika bomba, na mteja anayejali ana haki na wajibu wa kuuliza kabla ya kutoa fedha yake.

Aina ya tatu ni bati nene lenye nakshi za vimbevimbe, ambalo mafundi wa jua kali wa Migori, Kisumu na kwingineko hulikata na kulichomelea au kulifunga kwa bolti juu ya sakafu ya bodi. Hili ndilo tandiko la kienyeji la machimbo, na lina heshima yake: jiwe la kilo 30 likidondoshwa kutoka begani halilitoboi, koleo hulikwangua bila kulijeruhi, na likipinda hunyooshwa kwa nyundo. Mtu anayebeba mawe matupu kila siku hana kinga nyingine inayolingana nalo kwa mapigo. Lakini bati hili lina uzito mkubwa. Chuma cha milimita 3 kina uzito wa karibu kilo 24 kwa kila mita ya mraba, na sakafu ya pikapu ya kabini moja, yenye eneo la zaidi ya mita tatu za mraba, huhitaji takriban kilo 80, kiasi kinachokaribia gunia la kilo 90 la mahindi ambalo gari litalibeba bila malipo katika kila safari, na ambalo hupunguza tani moja ambayo mtengenezaji ameiruhusu. Pia ni lazima uso wa chini wa bati na sakafu yenyewe vipakwe rangi kabla ya kuunganishwa, kingo zizibwe kwa gundi isiyopitisha maji, na matundu ya kutolea maji yatobolewe yakilingana na yale ya kiwandani. Hatua hizi hurukwa mara nyingi, kwa sababu baada ya bati kulala mahali pake hakuna anayeweza kuona kama zilifanyika.

Baadhi ya wenye magari huepa uzito kwa kutumia bati la nakshi la alumini, ambalo kwa unene ule ule lina thuluthi moja tu ya uzito wa chuma na halishiki kutu nyekundu. Katika sehemu nyingi za nchi hilo lingekuwa shauri jema, mradi kuwe na mpira au gundi ya kutenganisha metali hizo mbili, kwa kuwa zikigusana ndani ya maji yenye chumvi moja huila nyingine. Katika Macalder lina hatari ambayo haipo kwingine. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, na zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kukamatisha chembe za dhahabu, huupenya utando huo panapokuwa na mkwaruzo, huungana na alumini na kuiacha iungue kwa hewa bila kinga, kazi inayoendelea mpaka zebaki yenyewe itawanyike. Matone machache yaliyomwagika kutoka chupani yanaweza kulila bati la alumini hadi litoboke, na ni kwa sababu hiyo zebaki hairuhusiwi kubebwa kiholela ndani ya ndege. Chuma hakiungani na zebaki kwa namna hiyo, ndiyo maana tangu zamani zebaki husafirishwa katika chupa za chuma.

Mbao zatosha kutajwa kwa ufupi. Ubao hupokea mapigo vizuri, hubadilishwa kwa gharama ndogo na hautelezi, lakini hunyonya kila kitu, kuanzia mkojo wa mifugo hadi maji ya samaki, na hukaa na unyevu dhidi ya bati kwa siku kadhaa. Unafaa kama kitu cha kuwekwa kwa safari moja ya mawe na kuondolewa jioni.

Mkeka wa mpira ndio unaodharauliwa kuliko unavyostahili. Ni kipande kizito cha mpira, chenye unene wa milimita 6 hadi 10, kinacholazwa sakafuni bila skrubu wala gundi, na kwa pikapu ya kabini moja kina uzito wa takriban kilo 30 hadi 40. Mpira hulainisha pigo badala ya kulipinga, hushika mzigo kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa hapa, na mwenye gari huukunja na kuutoa kwa dakika chache, akauosha pande zote mbili, akaosha sakafu na kuacha vyote vikauke juani. Mikeka bora ina vijigongo upande wa chini vinavyoacha nafasi ya maji kupita. Vipande vya mikanda ya kusafirishia mizigo viwandani, vinapopatikana, hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu, ila vina tabaka za kitambaa ndani, na ukingo uliokatwa hunyonya maji usipozibwa. Udhaifu wa mpira ni kwamba haukingi kuta za bodi, na ule wa kawaida huvimba na kulainika ukilowa petroli au dizeli, kwa hiyo mbeba mafuta anahitaji mpira wa naitraili, aina inayostahimili mafuta, au sinia la chuma la kuwekea jerikeni.

Kuondoleka huko kwa mkeka kunaleta jambo lililo zito kuliko kutu. Utafiti wa Ogola, Mitullah na Omulo uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba zebaki, risasi na aseniki zimechafua mazingira ya ukanda wa dhahabu wa Migori, zikiwemo sehemu za Macalder, Osiri na Mikei. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013, lakini mkataba hauoshi bodi ya gari. Vumbi la mawe yaliyosagwa na tope la mchanga wa uchenjuaji huingia katika kila mwanya wa tandiko, na siku ya pili magunia ya omena, mahindi au vipande vya mihogo hulazwa juu yake. Samaki wa barafu ni wabaya zaidi katika hali hii, kwa sababu maji yanayoyeyuka huchota kilichoko kwenye mianya na kurudi kugusa mzigo. Kwa hiyo katika Macalder tandiko linapaswa kupimwa kama chombo cha jikoni kinavyopimwa: je, laweza kusafishwa hadi mwisho? Kombe la plastiki lililofungwa kwa skrubu haliwezi. Bati la nakshi lisilozibwa kingo haliwezi. Ngozi ya kupuliza iliyo nzima yaweza, ingawa chengachenga zake huhitaji brashi na maji mengi, na mkeka wa mpira waweza, hasa kwa mwenye mikeka miwili, mmoja wa machimbo na mwingine wa chakula, ambayo haibadilishani kazi kamwe. Hata mikeka hiyo miwili haitoshi bila kuosha sakafu na kuta kila mzigo unapobadilika, na chakula kisicho na kifungashio kinahitaji turubai safi juu ya yote. Kwa anayemudu, lililo salama zaidi ni gari la machimbo kutobeba chakula kabisa. Maji ya kuoshea gari hilo nayo yasimwagwe mtoni, kwa kuwa Mto Kuja unanywesha watu na mifugo kabla ya kufika ziwani.

Kutokana na hayo, shauri haliwezi kuwa moja kwa wote. Pikapu mpya au yenye rangi nzima, inayotarajiwa kufanya kazi mchanganyiko kwa miaka kumi, inastahili ngozi ya kupuliza kwa mashine kabla haijapakiwa mzigo wake wa kwanza, na juu ya ngozi hiyo mkeka wa mpira wa kupokea mapigo, kwani mchanganyiko huo hufunga mlango wa kutu na bado huacha sehemu ya kuvuliwa na kuoshwa. Pikapu iliyokwisha kushika kutu haifai kupulizwa mpaka kutu ikatwe na bati jipya liwekwe. Kwa gari kama hilo praima nzuri na mkeka wa mpira ni matumizi bora ya fedha kidogo iliyopo. Gari la mawe matupu libaki na bati la nakshi la chuma, lililopakwa rangi chini na kuzibwa kingo. Kombe la plastiki libaki kwa fundi umeme, mwalimu au mfanyabiashara wa duka ambaye mzigo wake ni maboksi makavu, naye alivue angalau kabla na baada ya kila msimu wa mvua.

Mnunuzi wa pikapu iliyotumika naye ana sababu ya kudai tandiko livuliwe kabla ya kukubaliana bei, au pale lisipovulika, kulala chini ya gari na kuitazama sakafu kwa tochi kutoka upande wa pili, hasa kwenye pembe za mbele na karibu na bolti zinazoifunga bodi kwenye fremu. Na bodi inapopasuka, kama zinavyopasuka bodi nyingi za eneo hilo kwa uzito uliopita kiasi, fundi wa kuchomelea hapaswi kuwasha moto juu ya ngozi ya poliyurethani, kwa sababu ikiungua hutoa moshi wenye sianidi ya hidrojeni na isosianati. Ngozi hiyo ikwanguliwe kwanza kwa patasi, kiasi cha kiganja kuuzunguka ufa pande zote mbili za bati, mshono uchomelewe mahali penye upepo, kisha chuma kilichobaki uchi kipakwe praima siku ile ile, kabla gari halijarudi machimboni.